SOMO: Peugeot Kuukuu ya Kikundi – Breki Kwanza, Rangi Mwisho



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja. Mzee fulani kijijini ana Peugeot 504 ya steshen wagoni imesimama nyuma ya nyumba, nyasi zimeota hadi kwenye milango. Anaiuza kwa bei ya chini. Je, kikundi kitoe akiba yake kiinunue, kiitengeneze, kisha iwe ya kupeleka maziwa na mboga kila siku, na usiku kumkimbiza mgonjwa hospitali?

Jibu letu si ndiyo wala si hapana. Gari kuukuu laweza kusaidia watu miaka mingi, na laweza pia kumeza akiba ya akina mama thelathini kwa muda wa mwaka mmoja. Tofauti iko katika mambo mawili: mliangalia nini kabla ya kununua, na mlianza kutengeneza wapi.

KWA NINI GARI HILI

Peugeot 504 ilitoka kwanza Ufaransa mwaka wa 1968, na steshen wagoni ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapa Kenya iliunganishwa kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wenye umri wetu wanaikumbuka vizuri, kwa sababu steshen wagoni hizi zilikuwa matatu za safari ndefu kutoka Nairobi. Na katika mbio za Safari Rally 504 ilishinda mwaka wa 1975 na tena 1978.

Sifa zake bado ni za kweli. Steshen wagoni ni ndefu kuliko ile ya kawaida, na aina ya familia ina viti vya watu saba. Nyuma ina springi mbili kila upande, ndiyo maana hubeba mzigo bila kulala. Injini ni nyepesi kufahamu, na fundi wa jua kali huitengeneza bila kompyuta.

Lakini sifa za gari lilipokuwa jipya si sifa za gari mnaloonyeshwa leo. Angalieni lililo mbele yenu.

KABLA YA KUTOA PESA

1. Makaratasi. Ombeni logibuku mwanzo kabisa, kabla hata ya kufungua boneti. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye gari lenyewe na zilinganishwe na zilizoandikwa. Fanyeni uchunguzi wa gari NTSA kupitia eCitizen, mjue mwenyewe ni nani na kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Ikiwa mwenye gari alifariki, watoto hawawezi kuuza tu kwa mdomo. Mambo ya mirathi yamalizwe kwanza. Tena ulizeni afisa wa maendeleo ya jamii gari litaandikishwa vipi. Lisiingie kwa jina la mwenyekiti peke yake bila mkataba ulioandikwa. Mwenyekiti naye ni binadamu, na ana warithi.

2. Bodi. Injini hubadilishwa, lakini bodi ikioza gari limekwisha. Chukueni bisibisi na tochi, mlale chini. Gongeni sehemu za chini ya milango, pembe za mbele zinaposhikwa springi, sakafu, na mahali pa tairi la akiba. Chuma kizima hulia ngaa. Kilichooza huzama au huacha unga mwekundu. Jihadharini na rangi mpya iliyopakwa juu ya pati. Sumaku ndogo haishiki vizuri penye pati nene, na kifaa hicho ni cha shilingi chache tu. Sakafu iliyotoboka huchomelewa. Lakini pale springi za mbele zinaposhikwa pakioza sana, rudini nyumbani na pesa zenu.

3. Injini. Ipigwe ikiwa baridi, si baada ya mwenye gari kuipasha moto asubuhi. Tazameni moshi. Wa buluu maana yake inakula oili. Mweusi, inakunywa petroli kupita kiasi. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, maji yanaingia ndani. Vuteni kijiti cha oili: ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, basi maji na oili vimekutana. Halafu fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne. Vipimo visipishane sana.

Wapeni kazi hii watu watatu: mwanachama mmoja, dereva mzoefu, na fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Mlipeni fundi huyo siku yake. Pesa hiyo ni kidogo ukilinganisha na hasara.

MPANGO WA KUTENGENEZA

Hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Gari likifika, kila mtu anataka lipendeze. Linapakwa rangi, linashonewa viti, linawekewa redio. Pesa inaisha. Halafu gari zuri linashuka mteremko likiwa na watu sita na madebe ya maziwa, na breki ni zile zile zilizokaa miaka minane chini ya mwarobaini.

Sisi tunafundisha mpango huu: gari lisimame, lishike njia, lipoe, liwake, ndipo lipendeze. Msiruke hatua hata moja.

Hatua ya kwanza: kusimama. Mbele kuna diski, nyuma kuna ngoma. Gari lililokaa muda mrefu hushika kutu ndani ya silinda za breki na paipu za mpira hupasuka. Paipu za mpira zibadilishwe zote, hata zinazoonekana nzima. Masta silinda na silinda za magurudumu zifunguliwe. Zenye mikwaruzo zitupwe. Mafuta ya zamani yamwagwe yote, yatiwe mapya. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yakichemka kwenye mteremko mrefu pedali huzama hadi chini. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Wala asije mtu akaongeza oili ya injini humo, maana oili huharibu mipira yote. Breki ya mkono nayo ishike kweli. Jiwe chini ya tairi si breki.

Hatua ya pili: kushika njia. Inueni gari kwa jeki, litegemezwe kwa magogo imara, kisha tikiseni kila gurudumu juu-chini na kulia-kushoto. Likicheza, kuna beringi, boli jointi au tairodi iliyokwisha. Angalieni shokabu zinazovuja na bushi zilizopasuka. Halafu tairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi la zamani laweza kuwa na meno mazuri na huku limekauka kama gome. Muuzaji wa tairi kuukuu akifuta namba hizo, ondokeni.

Hatua ya tatu: kupoa. Peugeot hii ina silinda hedi ya aluminiamu. Ikichemka mara moja kwa nguvu, hedi hupinda na gasketi huungua. Rediata itolewe, isafishwe, paipu na kifuniko vibadilishwe. Nyingi zilikuwa na feni ya sumaku ya umeme inayoshika injini ikipata joto, hakikisheni inashika. Fundi wengi hutoa thamostati wakisema hapa kuna joto haihitajiki. Wakatazeni. Injini isiyofikia joto lake huchakaa haraka na hunywa mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe, yaani rediata chafu au pampu mbovu, unabaki pale pale.

Hatua ya nne: kuwaka. Oili na chujio vipya, plagi, pointi, kabureta isafishwe, na petroli iliyooza kwenye tangi imwagwe. Mara nyingi hayo yanatosha. Kama injini imechoka kabisa, kuna habari njema: injini za petroli za 504 zina silivu zinazotoka. Pistoni na silivu hubadilishwa pamoja kama seti, bila kuchonga bloku. Ila mwambieni fundi hivi: hedi ikishatolewa, silivu zibanwe zisisogee, na injini isizungushwe. Zikisogea, mpira wa chini huachia na maji hushuka kwenye oili. Hedi ipelekwe kwa wenye mashine ikaguliwe kama imenyooka, na ikirudi ifungwe kwa spana ya kupima nguvu, si kwa mkono na kisirani.

Taa, indiketa, waipa, honi na mikanda ya viti viingie pia katika hatua hii, kabla gari halijagusa barabara.

Hatua ya tano: kupendeza. Sasa pakeni rangi. Pesa ikiwa imekwisha, gari la rangi mbili halijawahi kumkataa mgonjwa.

KUFANYA KAZI NA FUNDI

Fundi mwema ni rafiki, lakini urafiki uandikwe. Kazi igawanywe kwa hatua, na kila hatua iwe na bei yake. Lipeni hatua ikimalizika na kujaribiwa. Mwanachama mmoja aende na fundi kununua spea, iwe mjini kwenu au Kirinyaga Road Nairobi. Spea ya zamani irudishwe mkononi mwenu, mjue kweli ilibadilishwa. Risiti zote ziingie kwenye faili. Na vijana wawili wa kikundi wakae na fundi kila siku washike spana. Mwisho wa kazi mtakuwa na gari na pia watu wanaolijua.

HESABU YA KILOMITA

Gari la kila siku huua kikundi polepole, kwa sababu watu huhesabu petroli peke yake. Tuchukue mfano. Gari linakwenda kilomita 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,500. Tuseme linakwenda kilomita 8 kwa lita, na lita ni shilingi 180.

Petroli: shilingi 33,750
Akiba ya matengenezo, shilingi 10 kwa kilomita: 15,000
Dereva: 15,000
Bima, ikigawanywa kwa mwezi: 3,000
Jumla: shilingi 66,750

Gawanyeni kwa 1,500. Kila kilomita ni shilingi 44 na senti 50. Kikundi kikitoza wanachama shilingi 30 kwa kilomita kwa kubeba mzigo wao, mnadhani mnafanya biashara, kumbe mnakula gari kidogo kidogo. Tairi zikiisha hamtakuwa na za kununua.

Bei hizi ni za mfano. Wekeni za kwenu. Ulaji wa mafuta mpime wenyewe: jazeni tangi, andikeni kilomita, endesheni siku kadhaa, jazeni tena. Kilomita zilizotembewa zigawanywe kwa lita zilizoingia mara ya pili.

Jambo moja la kuangalia sana: gari la binafsi lisichukue abiria wa kulipa nauli. Hilo linahitaji leseni ya gari la abiria na bima yake. Ajali ikitokea na bima ni ya gari la binafsi, kampuni yaweza kukataa kulipa, na deni likaangukia kikundi. Hata malipo ya wanachama kwa mizigo yao, mwelezeni wakala wa bima waziwazi kabla ya kununua bima, na jibu lake liwe kwa maandishi. Na viti saba ni watu saba. Zile enzi za kubanana kama viazi ziliacha makaburi mengi kando ya barabara zetu.

KILA ASUBUHI, DAKIKA KUMI

Dereva aangalie: oili, maji injini ikiwa baridi, mafuta ya breki, tairi nne na ile ya akiba, feni belti, taa, na kama kuna tone lolote chini gari lilipolala. Akanyage breki mara tatu kabla ya kuondoka. Aandike kilomita kitabuni na kutia sahihi. Pedali ikishuka chini kuliko jana, gari halitoki, hata kama maziwa yataharibika. Kikundi kipitishe jambo hili kwenye mkutano na kuliandika kwenye kumbukumbu, ili dereva asilaumiwe siku atakapokataa. Maziwa ya siku moja yana bei inayojulikana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tunahitaji gari kila siku, au mara mbili kwa wiki? Kukodi kungetugharimu pesa ngapi?

2. Nani watatu watakaokwenda kulikagua, na je, tuko tayari kukubali wakisema tusinunue?

3. Tukinunua, tutabaki na pesa ya kumaliza hatua ya kwanza hadi ya nne? Kama haitoshi, kwa nini tununue sasa?

4. Kilomita moja itatugharimu kiasi gani? Kila mmoja afanye hesabu, kisha tulinganishe.

5. Nani mwenye mamlaka ya kusema gari halitoki leo? Tumwandike jina.

Jadilini swali la tatu bila haraka. Likijibiwa kwa ukweli, mengine yatakuwa mepesi. Na kama jibu ni kwamba pesa haitoshi, mwacheni mzee na gari lake mwaka mmoja zaidi huku mkiendelea kuweka akiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa gari la mwenzako si lazima uuzibe wewe.