Ukishang'olewa gego, dafu linywe bila mrija

Magego ya mwisho kwa kawaida huota mtu akiwa na umri wa kati ya miaka 17 na 25. Taya likikosa nafasi, gego hukwama au huota upande, na mara nyingi hulazimu ling'olewe. Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Kumbe kupona hutegemea sana yale mgonjwa anayofanya nyumbani.

Linda damu iliyoganda

Gego likitoka, damu huganda ndani ya tundu na kufunika mfupa na neva. Donge hilo ndilo kinga ya kwanza. Uma kitambaa cha shashi kwa nusu saa bila kukitoatoa. Ukitoka mbali, kama Marafa au Ganze, usipande matatu kabla damu haijakoma.

Kwa saa 24 usisukutue wala usiteme mate kwa nguvu. Kufyonza pia kwaweza kuling'oa donge, kwa hivyo dafu na sharubati mimina kwenye glasi. Sigara, muguka na mnazi ziache kwa wiki moja. Siku ya pili anza kusukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, hasa baada ya kula.

Ule nini?

Ngoja ganzi iishe, usije ukajiuma mdomo. Siku ya kwanza kunywa uji uliopoa, maziwa, mtindi au supu vuguvugu. Kisha ongeza viazi vya kupondwa, ndizi mbivu, papai, mayai, bokoboko, au samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba. Tafunia upande wa pili. Korosho, kashata, mabuyu na achari zisubiri. Mwenye kisukari asikae na njaa huku akitumia dawa zake.

Dalili za hatari

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Lakini maumivu yakizidi kuanzia siku ya tatu, yakapanda hadi sikioni na kinywa kikanuka, huenda donge limetoka. Usikimbilie kununua antibiotiki, hazirudishi donge. Rudi kwa daktari wa meno aoshe tundu na kuliweka dawa. Wala usibandike aspirini kwenye ufizi, kwani huunguza.

Homa, damu isiyokoma, au shida ya kumeza au kupumua haingoji kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.