Namba Yangu Unayo

Somo la wiki: Mathayo 18:15-17 na Warumi 14:1-13

Somo la leo naanza kwa kuungama.

Wakati mmoja usiku nilikuwa kitandani na simu. Nikaona video fupi ya dada mmoja akiongoza sifa kwenye mkutano wa wanafunzi. Alikuwa amevaa suruali, anacheza, na watu chini walikuwa wameshaanza kurushiana maneno. Wengine walisema huyo ameleta disko madhabahuni, wengine wakawaita hao Mafarisayo. Nami nikaandika yangu. Ilikuwa kali, na nilibandika mstari wa Biblia mwishoni ili ionekane ya kiroho. Kufikia asubuhi watu wengi walikuwa wameipenda, na kusema kweli nilifurahi.

Jumapili baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa kanisa letu alinifuata nje. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Mchungaji, yule ni msichana wangu. Ni wewe ulimwombea hapa mbele akienda chuo. Si ungenipigia tu? Namba yangu unayo."

Sikuwa nimemtambua. Nilipofika nyumbani nilijiuliza: kama ningemtambua, ningeandika vile? Jibu ni hapana. Hapo ndipo Roho Mtakatifu alinishika. Sikuwa nikitetea utakatifu wa ibada. Nilikuwa nikimpiga mtu niliyedhani hana mama.

Sasa tuangalie Neno. Katika Mathayo 18 Bwana Yesu anatupa utaratibu, na ukiusoma polepole utaona ni hesabu ya masikio. Ndugu akikosa, kwanza mwendee ninyi wawili peke yenu. Akikataa, ongeza mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa lisikie. Kila hatua inaongeza masikio machache tu, na wote ni watu wanaoweza kumrudisha huyo ndugu. Soko halimo katika hesabu hiyo. Sisi tunaanza na soko, halafu tunashangaa kwa nini hatujampata ndugu.

Katika Warumi 14 kulikuwa na ugomvi kama wetu. Waumini walivutana kuhusu vyakula na kuhusu siku za kuheshimu. Paulo alikuwa na msimamo wake na hakuuficha. Lakini hakuwapa wa upande wake ruhusa ya kuwadharau wengine, wala hakuwaruhusu wale wengine kuhukumu. Kila mtu ana siku yake ya kujieleza mbele za Mungu. Ngoma, kucheza, nywele, suruali: tunaweza kuyajadili, na kanisa linaweza kuwa na utaratibu wake. Lakini tusiyafanye kipimo cha nani ameokoka.

Mtu ataniuliza, "Pasta, mbona Paulo alimkemea Petro mbele ya watu?" Ni kweli, soma Wagalatia 2. Lakini alimkemea uso kwa uso, Petro akiwa hapo, mbele ya watu walioguswa na kosa lile, na jambo lenyewe lilikuwa injili. Hakumkemea kwa wageni. Tena nisieleweke vibaya: hili si somo la kuficha uovu. Mtoto akidhulumiwa au pesa zikiibwa, nenda kwa wazee na nenda polisi.

Nilisomea biashara, kwa hivyo nina swali lingine: nani anapata faida? Facebook, TikTok na YouTube tunafungua bure, lakini pesa zao nyingi hutoka kwa matangazo. Mkikaa sana kwenye simu, matangazo mengi yanaonekana. Na hakuna kitu kinakalisha watu kama vita. Kwa hivyo ndugu wawili wakiraruana kuhusu namna ya kumsifu Mungu, mwenye duka anahesabu pesa. Mimi usiku ule nilimfanyia kazi bila mshahara.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka wa 1937, walikuwa wakali kuhusu mwenendo, pengine kutuzidi. Nao pia walikwazana. Lakini walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Waliketi pamoja kwenye ushirika, mtu akaungama lake kwanza, na aliyekosewa akamwendea aliyemkosea. Ukimwangalia mtu machoni, maneno mengine yanakataa kutoka.

Nami nilipanda matatu nikaenda chuoni kwa yule dada. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeketi mbele yake. Nilifuta maneno yangu na nikaandika pale pale kwamba nilikosa, maana nilikosa hadharani. Amenisamehe, na ameniruhusu nisimulie bila jina lake. Kuhusu suruali aliniambia, "Ungeniuliza tu, tungeongea." Lakini bado hajarudi kuongoza sifa. Kufuta maneno kunachukua sekunde moja. Kuponya jeraha ni safari, na naomba mnisaidie kuiombea.

Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize mambo matatu:

1. Je, huyu mtu nimemwambia yeye mwenyewe kwanza? Kama siwezi kumfikia, je, nimemwombea?
2. Je, hili ni dhambi iliyo wazi katika Neno, au ni jambo la Warumi 14?
3. Je, ningesema maneno haya haya mama yake akiwa ameketi kando yangu?

Kazi ya wiki hii: fungua simu yako, tafuta neno moja uliloandika juu ya mtakatifu mwenzako, na umpigie. Usimtumie ujumbe. Mpigie, au mwendee. Ikiwa uliandika kwenye grupu la kanisa, rekebisha kwenye grupu hilo hilo.

Tuombe: Bwana Yesu, tusamehe kwa vidole vyetu. Tupe ujasiri wa kumwendea ndugu, na aibu ya kumwanika. Warudishe walionyamaza kwa sababu yetu. Amina.