Kugandisha au Kunasa? Flashi ya Kamera na Suala la Istilahi

Utangulizi
Aghalabu husemwa kwamba flashi ya kamera "hugandisha" mwendo. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotendeka, kisha yanahoji iwapo kitenzi hicho kinaafiki dhana inayorejelewa.

Utendakazi wa Flashi
Mnamo 1851 jijini London, William Henry Fox Talbot aliubandika ukurasa wa gazeti kwenye gurudumu lililozungushwa kwa kasi. Aliumulika kwa cheche ya umeme na kupata picha ambayo maandishi yake yalisomeka. Mwaka wa 1957, Harold Edgerton wa Marekani alitumia flashi ya umeme kupiga picha mashuhuri ya tone la maziwa likirusha taji la matone madogo.

Siri imo katika muda. Tuchukulie kwamba mkono wa mpiga ngoma unakwenda mita 5 kwa sekunde. Shata ya kamera ikiwa wazi kwa 1/200 ya sekunde, mkono utasogea milimita 25 na picha itakuwa na ukungu. Flashi ikimulika kwa 1/10,000 ya sekunde, mkono utasogea nusu milimita tu. Hata hivyo, sharti mwanga wa flashi utawale. Mwanga mwingine ukiwa mwingi, utauchora mkono muda wote shata iwapo wazi, na ukungu ule ule utarejea.

Isitoshe, katika flashi nyingi ndogo za kamera, kupunguza nguvu ndiko kunakoufupisha mmweko. Kwa hiyo mpigapicha huisogeza flashi karibu badala ya kuiongeza nguvu.

Suala la Istilahi
Samli ikiganda, hubadilika yenyewe. Mkono wa mpiga ngoma haugandi. Ngoma inaendelea kulia. Kinachokoma ni mwanga. Mwanafunzi anayeongozwa na neno "kugandisha" huenda akadhani kwamba mwendo hushindwa kwa nguvu, akaiongeza, na akaiharibu picha.

Kiswahili tayari kina "kinasasauti", chombo kinachohifadhi sauti bila kumnyamazisha msemaji. Kwa mantiki iyo hiyo, "kunasa mwendo" kunaafiki zaidi ukweli wa kifizikia.

Hitimisho
Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi. Mfano huu unadhihirisha kwamba msamiati upo. Linalohitajika ni kuielewa dhana kwanza, ndipo neno lichaguliwe.