Maganda ya Miti Ndani ya Kikombe

Somo la mara hii ni juu ya chai ya maganda ya miti, sababu tumeona chupa za maji mekundu chini ya vitanda fulani katika nyumba ya kulala. Majina hatuyataji. Kila chupa iko na sifa yake: moja inasafisha damu, nyingine inafukuza homa, ya tatu iko na antioksida. Neno hilo la mwisho wengi wanalipenda kuliko wanavyolijua, basi tuanze nalo.

Kata avoka, uiache mezani. Baada ya muda inakuwa nyeusi, maana oksijeni ya hewa inafanya kazi juu yake. Ukipaka maji ya limau upande mmoja, upande ule unachelewa. Vitu vinavyozuia kazi hiyo ya oksijeni ndivyo vinaitwa antioksida. Maganda ya miti mingi yako navyo, hasa tanini, ile inayokausha ulimi. Mti unavitengeneza ili kujilinda na wadudu na ukungu. Haukufikiri habari zetu. Kwa hiyo wanaosema maganda yako na antioksida hawasemi uongo. Mdalasini nao ni ganda, na watu wanautia katika chai tangu zamani. Lakini kahawa ya milima yetu iko na antioksida pia, na lengalenga, na marakuja. Tena, yale yanayotokea juu ya avoka si ushuhuda kwamba mgonjwa atapona. Na tanini iko na ubaya wake: inashika chuma cha chakula tumboni, kisiingie vema katika damu. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai kali pamoja na chakula, ikiwa ya maganda ao ya majani.

Sasa kinkina. Mti huu ulitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na Wabelgiji waliupanda huku Kivu. Wenzetu wa upande wa Lubero wanaujua sana: baba anachuna maganda, mama anayaanika juani, mfanyabiashara wa Butembo anayanunua, na minervali inalipwa. Ndani ya ganda mna kinini. Katika mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga na ganda, na tangu hapo iliwezekana kuipima. Hapo ndipo penye shida ya ile chupa ya chini ya kitanda. Ganda la mti mmoja halilingani na la mti mwingine. La shina si sawa na la mzizi. Aliyechemsha kidogo hana dawa sawa na aliyechemsha asubuhi mpaka saa sita. Uchungu wa kinywa haupimi kitu.

Na kinini haina nafasi kubwa kati ya kuponya na kudhuru. Ikizidi, masikio yanalia, kichwa kinauma, unatapika, macho yanaona giza, sukari ya damu inashuka, hata moyo unaweza kuharibika. (Wengine wanasikia masikio yakilia wanafurahi, eti dawa inafanya kazi!) Ikipunguka, homa inatulia siku mbili, wadudu wa malaria wanabaki ndani, kisha ugonjwa unarudi na nguvu. Juu ya malaria kali, tangu mwaka 2011 OMS inashauri sindano ya artesunate kwa wakubwa na watoto, mbele ya kinini yenyewe iliyopimwa vizuri kiwandani. Itakuwaje ile isiyopimwa?

Tena si kila homa ni malaria. Iko tifoidi. Na sisi wa Beni na Butembo hatuna haja ya kukumbushwa Ebola ya 2018 mpaka 2020, ambayo ilianza kwa wengi kama homa tu. Ni damu iliyopimwa ndiyo inasema ukweli.

Neno moja juu ya mti wenyewe. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kwa njia ya ganda la ndani. Ukichuna kuzunguka shina lote, mizizi inakosa chakula na mti unakufa. Hivyo ndivyo imepotea miti mingi ya Prunus africana, ambayo ganda lake linauzwa Ulaya kwa dawa ya prostati. Tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji ruhusa chini ya mapatano ya CITES. Nabii Ezekieli aliona miti ambayo majani yake ni dawa. Maganda hakuyataja, lakini hatutajenga fundisho juu ya hilo.

Chupa tutazikusanya Jumamosi baada ya kazi za mikono, na hakuna atakayeandikwa. Mwenye kusikia homa usiku abishe mlango wetu, hata saa nane. Taa iko, na muuguzi anajua tutamwamsha.