Sifa za Msimamizi wa Kitengo cha Uchunguzi wa Vifo katika Kaunti za California

Katika jimbo la California nchini Marekani, kila moja kati ya kaunti 58 inawajibika kisheria kuchunguza vifo vya ghafla, vifo vilivyotokana na nguvu au mashaka, pamoja na kifo cha mtu ambaye hakuhudumiwa na daktari katika siku 20 kabla ya kufariki. Wajibu huo hubebwa na mchunguzi wa vifo, yaani ofisa wa umma mwenye mamlaka ya kuuchukua mwili, kuagiza maiti ipasuliwe, na kujaza katika cheti sababu na namna ya kifo. Sababu ni ugonjwa au jeraha lililoukatisha uhai, ilhali namna ni jinsi ugonjwa au jeraha hilo lilivyompata marehemu, nayo huwekwa katika moja ya mafungu matano: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au namna isiyobainika. Neno moja likiandikwa vibaya hapo, muuaji anaweza kubaki huru, na mjane anaweza kunyimwa fidia ya bima aliyostahili.

Katika kaunti nyingi cheo hicho kimeunganishwa na cha sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, ambaye sheria haimtaki awe na elimu yoyote ya tiba. Los Angeles, San Diego na San Francisco ni miongoni mwa kaunti chache zilizomweka daktari badala yake, na tangu mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani limependekeza kwamba mfumo wa wachunguzi wasio madaktari uondolewe. Madhali mfumo huo bado upo, ujuzi wa kila siku wa ofisi hautoki kwa mkuu aliyepigiwa kura, bali kwa msimamizi wa kitengo, ambaye hupanga zamu, hupokea taarifa za wachunguzi walio chini yake, huzisahihisha na kuziidhinisha. Kwa hiyo sifa zake zinaihusu jamii nzima.

Sifa za awali ni zile za mchunguzi yeyote. Kwa kuwa wasaidizi wa mchunguzi wa vifo huhesabiwa na sheria kuwa maofisa wa usalama, msimamizi hupimwa kwa masharti ya maofisa hao: awe amemaliza elimu ya sekondari au ana cheti kinacholingana nayo, alama zake za vidole zikaguliwe, mwenendo wake wa nyuma uchunguzwe, na athibitishwe kuwa na afya ya mwili na akili inayohimili kazi. Juu ya hayo kaunti huongeza miaka ya utumishi katika uchunguzi wa vifo, na katika jambo hili kaunti hazifanani.

Kipimo kinachoaminika zaidi cha ujuzi hutolewa na Bodi ya Marekani ya Wachunguzi wa Vifo, iliyoanzishwa mwaka 1998. Ngazi yake ya kwanza humtaka mtahiniwa awe na saa 640 za kazi ya uchunguzi, na ngazi ya juu humtaka awe na saa 4,000 pamoja na shahada ya chuo ya miaka miwili; kisha cheti hufanywa upya kila baada ya miaka mitano kwa kuthibitisha kwamba mwenyewe ameendelea kujifunza. Kaunti inayompa mtu usimamizi bila ngazi ya juu, hali inayo nafasi ya kumdai awe nayo, inajinyima kinga iliyo rahisi kuipata.

Hata hivyo, vyeti havitoshi. Msimamizi hana budi kuujua mwili wa marehemu kiasi cha kutambua kwamba damu iliyojikusanya mgongoni mwa maiti iliyokutwa kifudifudi inaashiria kuwa huenda maiti hiyo iligeuzwa, na kuijua sheria kiasi cha kukumbuka kwamba mwili hauondolewi mahali pa tukio bila idhini ya ofisi yake. Anapaswa pia kuulinda mlolongo wa ushahidi, yaani kumbukumbu ya kila mkono uliopokea nguo, risasi au sampuli ya damu, kwani kumbukumbu hiyo ikikatika, mahakama inaweza kuukataa ushahidi wenyewe. Maafa makubwa humtaka zaidi ya hayo. Moto ulioteketeza mji wa Paradise katika kaunti ya Butte mnamo Novemba 2018 uliua watu 85, na mabaki mengi yalikuwa vipande vya mifupa vilivyohitaji wanaanthropolojia na vipimo vya haraka vya vinasaba.

Sifa iliyo ngumu kuipima ni uhuru wa uamuzi. Mwaka 2017 madaktari wawili wa patholojia katika kaunti ya San Joaquin walijiuzulu wakidai kwamba sherifu aliingilia uchunguzi wa vifo vilivyowahusu polisi, na mwaka uliofuata kaunti hiyo iliamua kuitenganisha kazi hiyo na ofisi ya sherifu. Sheria ya jimbo iliyoanza kutumika mwaka 2017 inamtaka daktari mwenye leseni ndiye apasue maiti, na inawazuia askari waliohusika moja kwa moja na kifo cha mtu aliye mikononi mwao wasiingie katika chumba cha upasuaji. Msimamizi ndiye anayesimama mlangoni siku ya upasuaji, tena mbele ya wenzake wa kazi, na asiyeweza kuwaambia hapana hafai kupewa nafasi hiyo hata kama ana saa nyingi kiasi gani.

Jambo la mwisho linawagusa moja kwa moja Waislamu na waumini wengine wasiotaka maiti zao zipasuliwe. Sheria ya California humruhusu mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi kutia saini tamko la imani la kupinga upasuaji, na msimamizi anapaswa kuliheshimu isipokuwa kifo kinashukiwa kuwa cha jinai au cha ugonjwa wa kuambukiza unaohatarisha umma. Tamko hilo huandikwa na mhusika akiwa hai. Kila mwenye imani hiyo anashauriwa aliandae mapema mbele ya mashahidi na awaonyeshe jamaa zake mahali lilipohifadhiwa.