Dawa za Kifua Kikuu: Kipimo na Madhara Yake

Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kupambana na kifua kikuu, ilijaribiwa kwa wagonjwa nchini Uingereza kuanzia mwaka 1947. Baada ya miezi 6, wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa dawa hiyo walikuwa wamekufa. Kati ya 52 waliolazwa kitandani bila kuipata, walikufa 14. Hata hivyo, baada ya miaka 5 waliokufa walifikia 32 katika kundi la kwanza na 35 katika kundi la pili. Bakteria wa ugonjwa walikuwa wamekuwa sugu.

Usugu hutokeaje?

Bakteria hawajifunzi kuishinda dawa. Katika kila bakteria milioni 1, takriban mmoja huwa na badiliko la urithi linalomkinga na isoniazidi. Kwa rifampisini, ni takriban mmoja katika milioni 100. Tundu moja katika pafu laweza kuwa na bakteria milioni 100. Dawa ikitumiwa peke yake huua wasio sugu, na wachache waliosalia huzaana. Dawa zikitumiwa pamoja, anayeepuka moja huuawa na nyingine. Kwa sababu hiyo matibabu ya kawaida huanza na dawa 4 kwa miezi 2: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha mbili za kwanza huendelea kwa miezi 4.

Kipimo hutegemea uzito

Kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima, kipimo cha siku ni takriban miligramu 5 za isoniazidi, 10 za rifampisini, 25 za pirazinamidi na 15 za ethambutoli. Hivyo mtu wa kilo 50 huhitaji miligramu 250 za isoniazidi.

Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa. Mwili wake huondoa dawa upesi zaidi, kwa hiyo huhitaji miligramu 10 za isoniazidi kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 akikadiriwa kwa kanuni ya watu wazima atapata miligramu 60 badala ya 120. Ataonekana anatibiwa, kumbe apata nusu tu ya dawa.

Kuzidisha nako ni hatari: isoniazidi nyingi mno huweza kuleta degedege na kifo. Aliyesahau dawa ya jana asimeze mara mbili leo.

Madhara

Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na rangi ya machungwa. Jambo hili halina hatari, wala si sababu ya kuacha dawa. Isoniazidi huweza kuleta ganzi miguuni, ambayo huzuiwa kwa vitamini B6. Ethambutoli huweza kudhuru macho, hata mgonjwa akashindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Dawa tatu zilizobaki huweza kudhuru ini. Macho yakigeuka manjano, au mgonjwa akitapika mfululizo, au ngozi ikibabuka, yampasa aache kumeza na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mfano wa kukumbukwa ni thiasetazoni, iliyotumika sana Afrika Mashariki kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa bei. Mwaka 1991 ilitangazwa kwamba wagonjwa wa Nairobi waliokuwa pia na virusi vya UKIMWI walipata madhara makali ya ngozi kutokana nayo, na baadhi yao walikufa. Baadaye matumizi yake yaliachwa.

Hivyo basi, madhara hayaondolewi kwa mgonjwa kupunguza vidonge kwa siri. Kupunguza hivyo huwalea bakteria sugu, ambao jamaa zake watawavuta kwa pumzi. Kubadili dawa au kipimo ni kazi ya mganga.

Maswali

1. Kokotoa kipimo cha kila dawa kati ya zile 4 kwa mtu mzima wa kilo 44.
2. Eleza kwa nini mgonjwa aliyeongezeka uzito hupimwa upya.
3. Mgonjwa ameacha dawa kwa kuogopa rangi ya mkojo. Mshauri.