Mkate wa Bibi Kipofu

Nilidhani Ulaya hakuna maskini, mpaka niliposoma *Heidi*, kitabu cha watoto cha Johanna Spyri wa Uswisi, kilichoanza kutoka mwaka 1880. Yatima huyo hulala darini juu ya majani makavu, kwa babu yake mlimani. Chakula chao mkate, jibini na maziwa ya mbuzi. (Sisi tuliochunga mbuzi twamfahamu upesi rafiki yake Peter.)

Basi ndugu mwanafunzi, usomapo kitabu cha nchi ya mbali, tazama kwanza watu wanakula nini, na nani amekosa. Bibi yake Peter, kipofu, hakuweza kutafuna mkate mgumu. Heidi alipopelekwa Frankfurt, Ujerumani, akawa anaficha mikate laini kabatini ili ampelekee. Ikaonekana, ikatupwa. Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yangu, ambaye muhogo wake lazima tuuponde kwanza.